Blanketi la Shangazi na Lango la Mawe

Wenzangu wa sauti ya pili, sasa kaeni chini. Tangu harusi ya Debora ipite, kila nikiingia mazoezini, kabla hata sijavua koti, mnanizonga. Huyu anataka kujua kwa nini nilirudi Alhamisi ile na tope hadi magotini na kiatu kimoja. Yule anataka kujua kwa nini mliachwa kanisani Jumamosi mkiimba mpaka nyimbo zikaisha mkaanza upya. Nimejibu kwa vipande vipande, na matokeo yake nasikia mtaani hapa Lyamkena kwamba nilifukuzwa na nguruwe. Sikufukuzwa na nguruwe. Nilimbeba. Nimeandika yote hapa, mpitishiane msome, ila msiruke mahali panaponiaibisha.

Mnajua Debora wangu alikuwa aolewe Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyohiyo akaja Baba Mdogo Lameki, mdogo wake marehemu mume wangu, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Wakanywa chai, wakamaliza mkate, ndipo akafuta mdomo na kuniambia, "Shemeji, binti hatoki ndani ya nyumba hii bila shangazi yake. Blanketi la shangazi halijapelekwa. Tukimtoa hivihivi tutakuwa tumemtupa."

Na shangazi ni mmoja tu, Wifi Tabitha, dada yake mume wangu, aliyeolewa kwa Wakatoliki huko Langoni, mbele ya Njombe, barabara ya kwenda Ludewa. Miaka minne hakuwa ametia mguu kwangu, tangu siku tuliyomzika kaka yake. Simu hapokei, ujumbe hajibu. Ukoo mzima ulishamwita mkaidi, nami nilikuwa nikinyamaza wakimwita hivyo. Sababu ninayo, nitaisema mbele.

Nyie wote mmeozesha au mtaozesha, mnajua blanketi hili halitumwi kwa mtu. Mama wa bibi harusi analipeleka mwenyewe, analikunjua, analitandika mabegani mwa shangazi kwa mikono yake huku wanatazamana usoni. Likikaa, kakubali. Akiliacha lianguke, harusi haipo. Wifi Tabitha anauza vyungu kwenye gulio la Langoni, na gulio ni Alhamisi peke yake, linavunjika saa sita mchana. Baada ya hapo anavuka mto kwenda mashambani kwake ambako sikujua hata njia. Kwa hiyo nilikuwa na asubuhi moja tu, na nisipompata nilikuwa na kazi ya kurudi kumwambia mwanangu avue pete.

Makambako mpaka Njombe

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa stendi, blanketi nimelifunga kwenye kitenge kipya, mafundo manne, nimelikumbatia. Kondakta akaniapia kwamba tunaondoka sasa hivi. Sasa hivi ile ilichukua dakika arobaini, kila nikichungulia namwona anakunywa kahawa na mtu yuleyule.

Tulipotoka, ukungu. Mnaujua ukungu wa barabara yetu mwezi wa nne, dereva anaendesha kwa kukumbuka. Tukaenda tukaenda, tukasimama. Mbele kulikuwa na lori la mbao limeshindwa kupanda, limekaa katikati ya barabara, na mbao zimeanza kuinama upande mmoja. Watu wakashuka kwenda kutazama, maana sisi tukikuta jambo njiani lazima tulitazame. Mimi nikabaki kwenye kiti, naangalia saa ya simu, nakunja uso.

Baba mmoja aliyekaa nyuma yangu akainama. "Mama, pole na msiba."

"Msiba gani? Naenda kwa mambo ya harusi."

Akanitazama uso, akatazama furushi. "Basi pole na harusi," akasema, akarudi kwenye kiti chake. Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilimjibu kwa sonyo, Mungu anisamehe.

Lori liliondolewa saa mbili ilipokaribia. Hapo mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya muda mara kumi, na kila mara jibu lilikuwa baya zaidi.

Stendi ya Njombe

Baridi ya Njombe haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa sijala, nikakaa kwa mama lishe mmoja kando ya stendi, akaniwekea viazi vya kuchemsha na chai ya tangawizi. Nikamuuliza gari la Langoni.

"Magari ya gulio yameondoka alfajiri," akasema. "Wewe wa wapi unayekwenda gulioni saa hizi?" Halafu akaona pindo la blanketi limechungulia kwenye kitenge. Akanyoosha mkono. "Zuri hilo. Unaliuza?"

"La shangazi," nikasema.

Akaurudisha mkono kama kagusa sufuria ya moto. Akaufuta kwenye aproni, ingawa hakuwa amegusa kitu. "Harusi lini?"

"Keshokutwa."

"Keshokutwa! Na blanketi bado liko mkononi mwako?" Akasimama hapohapo, akaacha wateja wake, akapita stendi nzima akiita kila dereva, anawaambia habari zangu bila hata kujua jina langu. Wenzangu, niliona aibu na nilishukuru kwa pamoja. Akarudi na Mkinga mmoja mwenye koti la mvua, anaitwa Ezekia, mwenye Kenta iliyojaa sabuni, chumvi na viberiti vya kupeleka kwenye maduka ya vijijini.

"Panda mama," akasema. "Langoni nakufikisha njia panda."

"Kabla ya saa sita?"

"Saa sita mimi nitakuwa nimeshafika na kugeuza."

Kupanda nikapanda, viazi vingine nimevitia kwenye mfuko wa koti.

Barabara ya Ludewa na maduka yake yote

Nani aliniambia nimwamini Mkinga aliyebeba bidhaa? Tulipita duka la kwanza, akasimama. Akashuka, akasalimia mwenye duka, mke wa mwenye duka, mama wa mwenye duka aliyekuwa amelala ndani ikabidi aamshwe. Akashusha katoni mbili za sabuni. Akapanda. Duka la pili vilevile, ila huko kulikuwa na mtoto mchanga, akaombwa ambebe. Akambeba.

Duka la tatu nikatoa kichwa dirishani. "Ezekia! Unauza sabuni au unatafuta mchumba?"

"Mama Mbena, nikiwapita bila kuwasalimia, wiki ijayo wananunua kwa mwingine."

"Na mimi nikichelewa mwanangu haolewi!"

Nilisema kwa sauti kubwa mno, watu wa dukani wote wakageuka. Ezekia akaniangalia mara moja, akaingia ndani ya gari, na tangu hapo akawa anasalimia kwa kupiga honi tu. Nilimwona anavyoumia kila tukipita duka. Mtu mwema yule.

Tuliacha lami, tukashika barabara ya udongo inayoshuka na kupanda kwenye mashamba ya chai na miti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na sasa ikaanza tena, manyunyu yale yasiyokatika. Mlima wa mwisho kabla ya njia panda, Kenta ikateleza kinyumenyume, ikaegemea ukingo, ikatulia. Ezekia akajaribu mara tatu. Tairi zikazunguka zikichimba, tope likaruka mpaka kwenye kioo.

Akazima injini. "Mama, hapa mpaka tupate trekta."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Langoni ni mbali kiasi gani?"

"Kwa mtu wa huku, saa nzima." Akatazama viatu vyangu, vile vyeusi vya kanisani vyenye kisigino. "Kwa wewe sijui."

Kwa miguu

Tope la huko ni jekundu na linashika. Kila hatua unaweka mguu kisha unauomba urudi. Nilifunga blanketi mgongoni kama mtoto, nikajifunika nailoni aliyonipa Ezekia, nikashika njia. Kiatu cha kulia kiliendelea nami robo saa. Halafu nikavuta mguu ukatoka mtupu, na kiatu sikukiona tena, nilichimba kwa mikono mpaka nikakata tamaa.

Hapo nikasimama, mvua inanipiga, kiatu kimoja. Hapo ndipo pale nilipowaambia msiruke.

Siku ya mazishi ya mume wangu, saa saba mchana, jeneza lilikuwa uani tayari na mchungaji anatazama mawingu. Simu yangu ikalia. Alikuwa Wifi Tabitha. "Wifi, gari limekwama huku kwetu. Natembea kwa miguu kuitafuta barabara. Nisubirini. Msimfukie kaka yangu kabla sijafika." Niliisikia vizuri, neno kwa neno. Baba Mdogo Lameki akaniuliza, "Tabitha amepatikana?" Nami nikaitia simu ndani ya kanga, nikamjibu, "Hapatikani. Tuendelee."

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu wiki mbili kabla alikuwa amesema wodini, mbele ya watu, kwamba kaka yake amekonda hivyo kwa kuwa nyumbani hapikiwi. Mimi! Mimi niliyekuwa nikimlisha uji kwa kijiko, usiku na mchana! Niliposikia sauti yake kwenye simu moyo wangu ulisema, na wewe leo ukose.

Alikosa. Alifika saa kumi, udongo umeshapigwa, mashada yamekaa. Alikuwa na tope mpaka magotini. Akasimama pale kaburini, akanitazama, akaondoka. Watu wakasema, oneni dharau, hata maji hajanywa. Nikawaambia, achaneni naye.

Sasa nilikuwa nimesimama kwenye njia ileile na tope lilelile. Nililia, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu. Halafu nikavua na kiatu cha pili nikakishika mkononi, nikaendelea kutembea.

Langoni

Langoni hamtapaona kwenye vibao. Zamani ulikuwa mji wa mtemi mmoja, wenye ukuta pande zote. Siku hizi ukuta haupo, umebaki mgongo wa udongo ulioota mianzi. Kilichobaki ni lango lenyewe, nguzo mbili za mawe zinazozidi urefu wa nyumba, na juu yake gogo jeusi ambalo hakuna anayejua ni la mti gani. Ndani ya lango ndiko gulio, na kelele zake nilizisikia kabla sijaona kitu. Nilifurahi nusura nikimbie.

Mbele ya lango palikuwa na watu wamepanga mizigo chini, wanapiga gumzo. Mimi nikafikiri ni foleni ya ushuru. Saa ilikuwa tano na dakika arobaini na tano. Nikatazama kushoto, nikaona pale ukuta ulipokuwa pana kijia kwenye mianzi. Ukuta haupo, mlango wa nini? Nikakata kona.

Hata hatua tano sikumaliza. "Wewe mama! Wewe! Unapita wapi!" Gulio zima, ndani na nje, likapaza sauti, mpaka kuku wakashtuka. Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga chini ya nguzo akasimama na mwavuli wake. Nilisikia wakimwita Bibi Skola.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Bwana asifiwe," nikamjibu kwa haraka.

"Mlutheri. Haya, rudi huku utue mzigo."

"Mama, nina haraka, naomba nipite tu."

"Ndiyo utue upesi. Hapa mtu hapiti na mzigo wake. Wako anaubeba mwingine, na wewe unabeba wa mwingine. Huu ulikuwa mji, mgeni aliingiaje na furushi lake? Nani ajue kaficha nini? Lilibebwa na mwenyeji. Ukuta umekwisha, sisi tunaendelea."

"Huu mzigo siwezi kumpa mtu."

"Basi rudi ulikotoka."

Nikamwangalia. Hakuwa na utani hata kidogo. Nyuma yangu akatokea mama mmoja anahema, amechelewa kama mimi, ana kiroba mabegani. "Unampelekea nani?" akaniuliza.

"Tabitha wa vyungu." Nilidhani ananiuliza nimekuja kumtembelea nani, nikaona vizuri, huyu atanionyesha alipo.

Akafungua fundo la kitenge kifuani kwangu kabla sijafumba mdomo, akalitia blanketi kichwani, akanitwisha kiroba chake. "Huyu ni wa baba mwenye koti la kijani, pale mwisho," akasema, akapita lango, akapotea kwenye watu.

Kiroba kikanipiga teke. Ndani kulikuwa na mtoto wa nguruwe.

"Wewe! Rudi!" nikaita. Bibi Skola akanisukuma kwa mwavuli. "Nenda bwana, mzigo wa mwenzio huo." Hapo ndipo nilipoelewa. Blanketi la shangazi lilikuwa linapelekwa kwa shangazi na mtu nisiyemjua, juu ya kichwa, kama viazi.

Ndani ya lango

Nilikimbia peku na nguruwe mikononi, nasukuma watu, nakanyaga majani ya kabichi. Nikapita wauza nguo, wauza majembe, wauza pombe ya ulanzi. Vyungu niliviona kwa mbali, vimepangwa juu ya nyasi. Wifi Tabitha alikuwa amesimama nyuma yavyo. Amezeeka. Yule mama alikuwa ameshafika, anashusha furushi mbele yake, anasema kitu, anaondoka. Wifi akakifungua kitenge.

Hapo kengele ya misheni ikalia. Saa sita.

Nyie Walutheri wenzangu hamjapata kuona hilo. Gulio lote lilinyamaza kwa mara moja. Wanaume wakavua kofia, aliyekuwa akipima mahindi akashusha debe, wote wakasimama walipo wakaanza sala ya Malaika wa Bwana. Sikuweza kusogea, ningepita vipi katikati ya watu wanaosali? Nikasimama hatua kumi kutoka kwa wifi yangu, sina viatu. Alikuwa anasali kwa midomo, macho yamenikazia mimi. Mkononi kashika pindo la blanketi. Na watu wote walipokuwa kimya, nguruwe akaanza kupiga mayowe.

Alipiga mayowe sala nzima. Nilimbana, nilimbembeleza, nilimziba, ndiyo kwanza akaongeza. Sijawahi kuona sala ndefu namna ile.

Ilipoisha, baba mwenye koti la kijani alikuja kumchukua akicheka mpaka machozi. Mimi nikaenda kwenye vyungu.

"Kamwene, wifi," akasema Wifi Tabitha. Sauti ilikuwa baridi. "Mzigo wako umefika."

Muuza vyungu wa pembeni akapiga makofi. "Loo! Siku hizi blanketi la shangazi linaletwa na mwenye nguruwe!" Wengine wakaangua kicheko.

"Wifi, sikujua desturi ya hapa. Nilidhani..."

"Hukujua. Umekaa ukoo wetu miaka yote hiyo, kwangu hujawahi kufika hata mara moja, utajuaje?" Akaanza kuvitia vyungu nyasi, kimoja ndani ya kingine. Gari la ng'ambo ya mto lilikuwa limeshawashwa, linanguruma nyuma yetu.

"Debora anaolewa Jumamosi."

Mikono yake ikasimama. "Nimesikia. Amenenepa kidogo? Alikuwa mwembamba yule mtoto."

"Anakusubiri."

"Na wewe?"

Akanitazama kuanzia juu kushuka chini, akafika miguuni. "Umetembea kutoka wapi?"

"Kutoka mlimani kule. Gari limekwama."

"Limekwama," akasema. "Kumbe hata lako linakwama."

Basi nikasema. Mbele ya vyungu, mbele ya yule aliyepiga makofi, nikasema, "Wifi, siku ile ulipopiga simu nilikusikia. Nilisikia kila kitu. Nikawaambia hupatikani."

"Najua."

"Unajua?"

"Hukukata simu. Uliificha tu. Nilikuwa nimesimama kwenye mvua simu iko sikioni, nikakusikia ukisema hapatikani, tuendelee. Nikasikia na wimbo mlioanza kuimba."

Wenzangu, nilikosa mahali pa kuweka macho. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakumwambia mtu.

"Nimwambie nani? Lameki? Angekutoa kwenye nyumba ya kaka yangu siku ileile. Na watoto wa kaka yangu wangelala wapi?" Akafunga kamba ya nyasi kwa meno. "Nikaona heri niitwe mkaidi. Ila nimechoka, wifi. Nimechoka kabisa."

Nikalinyanyua blanketi nimtandike. Akaweka kiganja mbele yangu. "Siyo leo. Nenda nalo. Jumamosi nitakuja kwa njia hii hii uliyopita, na mvua unaiona. Lameki atakuuliza niko wapi. Hapo ndipo nitajua."

Honi ikapigwa. Akapanda na vyungu vyake, hakugeuka.

Kurudi

Pa kutokea ni lango lilelile, na desturi ni ileile. Bibi Skola alinibebea blanketi, nami nikambebea kigoda na kapu lake la karanga. Hakuniuliza lolote, ila alinikalisha nje ya lango akanipa bakuli la kande za moto na bilauri ya mtogwa, ule ulanzi mtamu wa asubuhi ambao haujachacha. Nilikunywa. Wa kumpelekea mchungaji habari ampelekee.

Ezekia nilimkuta kashavutwa na trekta, ananisubiri njia panda. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa bado mkononi. "Wamekubali?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, na ndivyo ilivyokuwa. Safari hii alisalimia kila duka na sikumkataza. Nyumbani nilifika jioni, Debora akanipokea blanketi, akaona halijakaa mabegani mwa mtu, akaingia chumbani akafunga mlango. Nikamwambia nje ya mlango kwamba shangazi kasema atakuja Jumamosi.

Lyamkena, kutoka uani mpaka barabarani

Ibada ilikuwa saa nne. Saa tatu magari yalishapambwa, Debora ameshavalishwa yuko chumbani, uani kumejaa watu na mvua inatishia. Nyie mlikuwa kanisani mnapasha sauti. Baba Mdogo Lameki akaja karibu yangu, na maneno aliyosema ni yaleyale. "Shemeji, Tabitha amepatikana?"

Simu ikalia mkononi mwangu.

"Wifi," ikasema sauti yake, kwa mbali, na upepo. "Gari limekwama. Natembea."

Nilikuwa bado na nafasi ya kuitia ndani ya kanga, sitawaficha. Niliiona nafasi hiyo. Kisha nikabonyeza spika, nikaiinua simu juu, nikamwambia, "Sema tena wifi, watu wasikie." Akasema tena. Uani kote wakasikia.

"Amepatikana," nikawaambia. "Anatembea kwa miguu, na tutamsubiri. Na siku ya msiba wa kaka yenu pia alipatikana. Alinipigia akaomba tumsubiri. Mimi niliwadanganya. Tabitha si mkaidi. Ni mimi."

Lameki alinitazama muda mrefu. Mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu, na sina cha kumlaumu. Wazee wakaanza kunong'onezana, mmoja akasema saa ya kanisa inapita. Ndipo sauti ya Debora ikatoka chumbani, dirishani, "Mama, tunamsubiri shangazi."

Tukasubiri. Bwana harusi alipiga simu, mzee wa kanisa akapiga, nyie mkaimba. Mvua ikaja ikapita, maua ya magari yakalowa. Hata saa sita ilipopita hakuna aliyeketi.

Nilikuwa nimesimama barabarani nilipomwona. Alishuka kwenye pikipiki pale juu, tope mpaka magotini, chungu kikubwa kichwani, cha bibi harusi, ameshika kwa mkono mmoja. Nikamfuata.

"Mmenisubiri?"

"Tumekusubiri. Tua mzigo, wifi."

Akatua. Nikalikunjua blanketi, nikalitandika mabegani mwake kwa mikono yangu, tukitazamana. Akavuta mapindo yake mawili kifuani akayashika. Nami nikakiinua kile chungu nikajitwisha.

Hakuingia ndani. Alipita watu wote, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la kaka yake, akainama, akaokota udongo wa kiganja kimoja, akautupia kaburini. Simu ya Lameki ikaanza kulia, ilikuwa ya kanisani. Akaiacha ilie. Wifi Tabitha alibaki pale ameinama na blanketi lake, na mimi nikasimama nyuma yake na chungu kichwani mpaka alipomaliza.